Mtu Hukoma Lini Kujifunza?

Wahenga wetu walituachia methali mbili ambazo ukiziweka pamoja zaonekana kama zinagombana. Ya kwanza ni "Samaki mkunje angali mbichi." Ya pili ni "Elimu haina mwisho." Ile ya kwanza twaisema tunapomrudi mtoto, na maana yake ni wazi: samaki akisha kukauka hakunjiki tena, na ukimlazimisha atavunjika. Ile ya pili twaisema tunapomuaga kijana anayekwenda masomoni. Sasa, tushike ipi? Ikiwa mtu mzima ni kama samaki mkavu, basi elimu inao mwisho, nao ni siku ile mvi za kwanza zinapotokea. Na ikiwa kweli elimu haina mwisho, basi yatupasa tukiri kwamba binadamu si samaki.

Swali hili si la kupitishia jioni barazani tu. Kila mmoja wetu hulijibu kwa maisha yake, hata kama hajapata kulitamka. Yuko baba asemaye, "Mimi nimekwisha kula chumvi nyingi, nitajifunza nini tena?" Yuko mama mjane ambaye kila karatasi ya mirathi ikiletwa hutia dole gumba bila kujua kilichoandikwa, kwa kuwa aona haya kuuliza. Yuko fundi aliyeshika kazi miaka thelathini na hataki kuambiwa neno. Na yuko kijana mwenye shahada ambaye tangu siku ya mtihani wa mwisho hajafungua kitabu tena. Hawa wote wamejibu kwamba kujifunza kuna mwisho. Je, wamejibu sawa?

Tuyatazame kwanza mambo yaliyokwisha kutendeka. Hesabu ya watu ya mwaka 1967 nchini Tanzania ilionyesha kwamba watu wazima wapatao 67 katika kila 100 hawakujua kusoma wala kuandika. Mwaka 1970 ukatangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na kampeni kubwa ya kufuta ujinga ikafuata. Watu walikutana chini ya miti, na katika madarasa baada ya watoto kutoka, na popote palipokuwa na kivuli. Vitabu vyao vya kisomo vilihusu kazi zao wenyewe: pamba, migomba, uvuvi, na utunzaji wa nyumba. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu vikundi kwa vikundi kuzunguka redio, wakajifunza juu ya vyoo, maji safi na malaria, kisha wakaenda kuchimba vyoo hivyo. Na walimu wao walikuwa nani? Wengi walikuwa vijana waliomaliza shule ya msingi, wakifundisha kwa kujitolea, na mbele yao wameketi watu wenye umri wa mama zao, wajomba zao na hata babu zao. Ilipofika mwaka 1986, takwimu za serikali zilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika wamebaki wapatao 10 katika kila 100.

Wale wanafunzi hawakuwa samaki wabichi. Walikuwa watu wenye wajukuu, wenye mikono iliyozoea mpini wa jembe hata kalamu ikawa nyepesi mno vidoleni. Hata hivyo walikunjika, wala hawakuvunjika. Basi methali ya samaki ni ya kweli mahali pake: yatuonya tusicheleweshe malezi ya watoto. Lakini si hukumu juu ya watu wazima, na anayeitumia kama hukumu anajificha nyuma ya wahenga.

Hata hivyo habari hiyo ina upande wa pili, nao yafaa tuutazame bila woga. Sensa ya mwaka 2002 ilionyesha kwamba wasiojua kusoma na kuandika walikuwa wamefika tena karibu 30 katika kila watu wazima 100. Sababu zilikuwa nyingi. Uchumi ulikuwa mgumu tangu miaka ya 1980, fedha za elimu zilipungua, watoto wengi hawakuandikishwa shuleni, na madarasa ya kisomo yalififia. Lakini sababu mojawapo ni hii: wako waliojua kusoma wakasahau, kwa maana hawakuwa na cha kusoma, au walikuwa nacho wasikiguse. Walioanzisha kampeni waliiona hatari hiyo mapema, ndiyo maana katika miaka ile ya 1970 palianzishwa maktaba za vijiji na magazeti ya vijijini. Gazeti moja la Kanda ya Ziwa liliitwa Elimu Haina Mwisho. Jina hilo halikuwekwa kwa ajili ya pambo. Lilikuwa onyo kwa kila aliyepata cheti cha kisomo na kudhani kwamba safari imekwisha.

Hapa twajifunza jambo la kwanza. Tumezoea kuufikiri ujuzi kama mto: ukisha kuvuka umevuka, waweza kuketi ng'ambo na kupumzika. Kumbe ujuzi ni kama shamba. Aliyelima mwaka jana akaacha palizi mwaka huu, magugu hayatamwuliza kama alikuwa mkulima hodari. Kadhalika mwalimu asiyesoma tena, mwanakwaya asiyefanya mazoezi, mwuguzi anayetegemea yale ya chuoni tu: hawabaki pale walipokuwa. Wanarudi nyuma polepole, na kwa kuwa ni polepole hawaoni.

Sasa tuulize: ni nini kinachowazuia wengi wasijifunze ukubwani? Twasema ni umri. Twasema ni macho. Twasema ni kazi nyingi. Haya yote ni kweli kwa kiasi chake. Lakini ukichunguza sana utakuta kwamba mara nyingi kizuizi kikubwa ni aibu. Mtu mzima hapendi kuonekana hajui. Mtoto akikosea herufi twacheka naye, lakini mzee akikosea anahisi kwamba heshima yake yote imeanguka chini mbele ya watu. Kwa hiyo huchagua kubaki na ujinga wake sirini kuliko kuutoa nje upate kutibiwa. Afanana na mtu mwenye kidonda anayevaa suruali ndefu asimwendee mganga.

Wengi wetu twamkumbuka mzee wa Kenya aliyeitwa Kimani Maruge. Serikali ya Kenya ilipoondoa karo ya shule za msingi mwaka 2003, mzee huyu ambaye hakupata kusoma utotoni alijiona kwamba naye anahusika. Mwezi Januari 2004, akiwa na umri wa miaka 84 kwa hesabu yake mwenyewe, aliandikishwa darasa la kwanza katika shule ya Kapkenduiywo mjini Eldoret. Alivaa sare ya shule, kaptura na soksi ndefu, akaketi dawati moja na watoto wa miaka sita. Baadhi ya wajukuu wake walikuwa katika shule iyo hiyo, tena madarasa ya mbele yake. Shabaha zake hazikuwa za makuu: alitaka kuisoma Biblia yeye mwenyewe, na kujua kuhesabu fedha zake asipunjwe. Mwaka 2005 alisafiri mpaka New York kusema mbele ya Umoja wa Mataifa juu ya faida ya elimu. Katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007 alipoteza mali yake akaishi katika kambi ya waliokimbia makwao. Hata kutoka kambini aliendelea kwenda shule. Baadaye akahamia Nairobi, na mwezi Juni 2008 akaingia darasa la sita. Alifariki mwezi Agosti 2009 kabla hajamaliza shule ya msingi.

Huenda mtu akauliza, "Basi alipata faida gani, ikiwa alikufa bila cheti?" Swali hilo laonyesha jinsi tulivyopotoka. Tumefanya cheti kuwa ndicho chakula, na kujifunza kuwa ni sufuria tu. Maruge alitaka kusoma, akasoma. Alitaka kuhesabu, akahesabu. Bei aliyolipa ni ile ambayo wengi wetu twaikataa: alikubali kuwa mdogo. Wahenga walisema, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame." Methali hii haikusema "mtoto atakaye cha mvunguni," wala haikumpa mzee ruhusa ya kukipata akiwa amesimama wima.

Wala tusidhani kwamba kuinama ni kwa wasiosoma tu. Mtu mwenye elimu nyingi ndiye ambaye mgongo wake huwa mgumu zaidi. Katika historia ya Kanisa letu la Anglikana tunamkumbuka Edward Steere, aliyefika Unguja mwaka 1864 akiwa na miaka 36. Alikuwa na shahada ya udaktari wa sheria kutoka chuo kikuu cha London. Kwa hesabu za kwao alikuwa amekwisha kusoma. Lakini alipokanyaga Unguja alikuwa hajui lugha, akawa kama mtoto. Akaketi na wenyeji kuwauliza maneno, na kusikiliza ngano zao neno kwa neno akiziandika. Mwaka 1870 alitoa kitabu cha sarufi ya Kiswahili na kitabu cha ngano za Unguja. Kazi hiyo haikutokana na shahada yake peke yake. Ilitokana na kukubali kwamba msimulizi wa ngano, ambaye hakuvaa joho la chuo chochote, ni mwalimu wake katika jambo hili. Hao waliomfundisha wanastahili sifa pamoja naye, maana bila subira yao asingeandika kitu.

Basi tumeona kwamba mtu mzima aweza kujifunza, na kwamba bei yake ni kuinama. Lakini bado hatujajibu swali lililo gumu zaidi: je, analazimika? Mtu aweza kusema, "Ujinga wangu ni mali yangu. Nikiamua kukaa nao, namdhulumu nani?"

Hapo ndipo ilipo hatari. Ni mara chache sana ujinga wa mtu huwa wake peke yake. Fundi mwashi anayechanganya mchanga mwingi na saruji kidogo kwa kuwa ndivyo alivyozoea, hatalala yeye chini ya ukuta ule. Watalala watoto wa mwenzake. Mkunga wa jadi anayekataa kufundishwa dalili za hatari, hatatokwa na damu yeye. Atatokwa na damu yule binti aliyemtegemea. Na mkunga mwenzake wa umri ule ule, anayekubali kumsikiliza mwuguzi mdogo kuliko binti yake mwenyewe, na kumpeleka mzazi hospitali mapema bila kuona kwamba amedharauliwa, huyo ameokoa watu wawili kwa kuinama mara moja. Baba asiyetaka kujua habari za magonjwa, mama asiyetaka kujua watoto wake wanaona nini katika simu zao, mzee wa baraza asiyetaka kusoma sheria ya ardhi anayoitolea maamuzi: wote hawa wana watu waliowaegemea. Na yule mama mjane wa mirathi, dole lake likiisha kugusa karatasi, huenda shamba la watoto wake limekwenda.

Kwa hiyo nasema kwamba kukua katika ujuzi na katika hekima si starehe ya mwenye nafasi. Ni deni. Twadaiwa na wale wanaotutegemea, na deni hilo haliishi kwa kuwa tumezeeka, maana kadiri mtu anavyozeeka ndivyo wengi zaidi wanavyomwegemea. Ukubwa ni jaa, na kila kitu hutupwa humo.

Najua kuna watakaopinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza atasema, "Maneno haya ni ya walioshiba. Mimi naamka alfajiri kwenda kibaruani, narudi usiku. Nitajifunza saa ngapi?" Huyu ana haki ya kusikilizwa. Si kila mtu aweza kwenda darasani, na ole wetu tukimdharau aliyezuiwa na umaskini au ugonjwa. Lakini tuangalie: kujifunza hakuhitaji dawati sikuzote. Mama muuza samaki anayechunguza kwa nini siku fulani hapati faida, akajifunza kuandika mapato na matumizi katika daftari la mtoto, huyo yumo darasani. Haba na haba hujaza kibaba. Tena aliye na nafasi ana wajibu wa kumpunguzia mzigo asiye nayo, kwa mfano kumshikia mtoto ili mama yake apate saa moja ya kisomo.

Wa pili atasema, "Kutaka kuongeza kila siku si kutoridhika? Si tamaa?" Hoja hii nayo ina ukweli ndani yake. Wako watu wanaokusanya vyeti kama wengine wanavyokusanya ng'ombe, ili wahesabiwe. Wako wanaojiendeleza hata wakawasahau wazazi wao kijijini, wakidhani kwamba kukua ni kupanda ngazi na kuitupa chini ili mwingine asipande. Huko si kukua, ni kuvimba. Mwili uliovimba nao huwa mkubwa, lakini hakuna asemaye kwamba una afya. Kuridhika na riziki ni jambo jema; kuridhika na ujinga wetu si jambo jema. Mtu aweza kula mlo mmoja kwa shukrani, na bado akatamani kuifanya kazi yake ya kesho vizuri kuliko ya leo.

Tutajuaje basi kama tunakua au tunavimba? Kiko kipimo kimoja kilicho rahisi, nacho ni hiki: je, naweza kusahihishwa? Fundi anayekua, ukimwonyesha kosa, hugeuka kulitazama kosa. Fundi aliyevimba hugeuka kukutazama wewe, apate kujua umri wako na cheo chako. Ubingwa wa kweli hauzidishi kiburi, kwa maana anayepanda mlima ndiye anayeona vilima vingine nyuma yake. Aliye bondeni hudhani kwamba mlima ni mmoja tu. Huko Japani aliishi mchoraji aliyeitwa Hokusai, aliyezaliwa mwaka 1760. Picha yake ya wimbi kubwa la bahari, ambayo imechapishwa duniani kote, aliichora akiwa na miaka ya sabini hivi. Miaka michache baadaye, mwaka 1834, aliandika kwamba kazi zake za kabla ya miaka sabini hazikuwa na maana kubwa, kwamba sasa ndipo ameanza kufahamu maumbile ya ndege na samaki na mimea, na kwamba akijaliwa kupita miaka mia huenda akachora vizuri. Alifariki mwaka 1849 bado akichora. Wako watakaosema alikuwa akijidharau bure. Mimi nasema alikuwa akiona mbali. Asiyejua kuchora huridhika na mstari wowote. Yeye aliona kasoro kwa sababu alijua.

Na kipimo cha pili ni hiki: je, yuko mtu ninayemfundisha? Ujuzi unaozikwa pamoja na mwenye nao ulikuwa nusu ya ujuzi. Tunao wazee wanaojua dawa za mifugo, ususi wa mikeka, nyimbo na historia za koo, na mbinu za kupasua mbao bila kupoteza kipande. Wengine huyaficha hayo kwa kuogopa kwamba kijana akijua atawapita. Lakini kijana asipompita mwalimu wake, mwalimu amefanya kazi gani? Tena anayefundisha ndiye anayegundua mahali asipoelewa. Swali la mwanafunzi mjinga limewafungua macho walimu wengi.

Ndugu zangu, tusiyaache maneno haya yabaki ukurasani. Kila mmoja wetu na achague jambo moja tu, lililo karibu na kazi yake na watu wake, alijifunze kabla mwaka haujaisha. Si mambo kumi, moja. Ajuaye kusoma na asome kitu kila juma, hata kama ni kurasa mbili. Asiyejua na amwambie mtu mmoja anayemwamini, "Nifundishe." Neno hilo ni zito kulitamka, lakini likisha kutoka kinywani nusu ya kazi imekwisha. Wenye kujua na wapokee ombi hilo bila kicheko na bila kulitangaza kwa majirani. Watoto wetu nao na wafundishwe kumwelekeza mzee kwa adabu, wakikumbuka ni nani aliyewafundisha wao kutembea, akawaokota walipoanguka bila kuwahesabia.

Basi tukirudi kwenye zile methali mbili, hazigombani. Moja yasema na wazazi juu ya mtoto, nyingine yasema na kila mtu juu ya nafsi yake. Samaki hukaushwa na jua, na hana la kufanya. Mtu hukaushwa na aibu na kiburi, na hivyo viwili aweza kuviacha leo, awe na miaka ishirini au themanini.